Malkia wa Kibanda cha Kirumba

Kiingilio shilingi hamsini. Mkanda wa Kihispania,
umechakaa, unanyesha mvua yake wenyewe juu ya kioo.
Faustini Ndaki kashika kipaza sauti.
Kihispania hajui hata salamu,
ila anatafsiri, ndiyo kazi yake,
jana katafsiri Wachina, juzi Wahindi.

"Huyu malkia," anasema, "wivu umempanda kichwani.
Mumewe kafa, yeye anazunguka na jeneza
usiku kwa usiku, kijiji hadi kijiji,
hataki mwanamke mwingine alisogelee.
Jamani, mapenzi! Bibi kawa chizi."
Tukacheka mpaka mabenchi yakalia.

Nyuma, karibu na mlango, Misoji muuza karanga
akatua beseni lake.
"Wee Faustini. Sikiliza vizuri.
Nani kakwambia ni chizi?"

Misoji tulimjua.
Mwaka wa Elnino alivuka Busisi na maiti ya mumewe
nyuma ya pikapu, imeviringwa mkekani.
Foleni ya kivuko, saa sita, jua la utosi,
yeye ameketi kando yake na kipande cha boksi
anampepea.
Anampepea mfu! Hilo ndilo lililosemwa
kwenye kikao cha ukoo,
shemeji akiandika kwa kalamu nyekundu:
amerukwa na akili, kiwanja hawezi kukitunza.
Kiwanja cha Igogo, kile chenye jabali na mpapai.

Kwenye kioo, mlango wa ngome unafungwa.
Wanaume wenye kola kama sahani
wanapokezana karatasi, wanatia sahihi;
mmoja ni baba yake, mwingine nadhani mwanawe.
Taji liko mezani kama sufuria ya msibani
ambayo hakuna anayekumbuka ni ya nani.
Faustini akafungua mdomo.
Akaufunga.
Kipaza sauti kikabaki kinakoroma,
na malkia akayasema maneno yake kwa Kihispania
yote, bila mtu kumsemea,
na hakuna aliyepiga mluzi.

Jenereta lilizimika kabla ya mwisho.
Hadi leo sijui kama alitolewa mle ndani.

Nje kulinuka dagaa na dizeli.
Misoji alijitwika beseni, akakata katikati yetu
shingo wima, mkono mmoja tu ukingoni,
nasi, bila kuambizana,
tukakunja miguu apite.
Faustini alinunua karanga za mia mbili.
Chenji hakuingoja.