Majani ya Isongole

Ghorofani Mafiati, juu ya duka la mabati,
tuko kumi na wanne kwa kompyuta kumi na mbili;
wawili hukalia viti vyenye joto la wenzao.
Kazi yetu ni majani.
Jani linatokea, nachora kisanduku kuzunguka doa,
nabonyeza: bakajani. Mnyauko. Zima.
Jingine. Jingine.
Shilingi kumi na nane kwa jani,
na ukikosea matatu mfululizo
unarudishwa mwanzo, kama mtoto aliyesahau shikamoo.

Lwitiko, msimamizi, hajawahi kushika jembe.
"Msifikiri sana," anasema. "Mashine ndiyo itafikiri."

Mimi nafikiri.
Nafikiri kwa macho ya mama
aliyenipitisha kwenye matuta ya viazi
kabla sijazijua a, e, i, o, u,
ukungu wa Rungwe umetushika mpaka kiunoni,
akageuza jani, akasema: tazama huku chini.
Ugonjwa ni kama mtu mwenye deni,
haupiti mlango wa mbele.
Shule hiyo ndiyo niliyoiuza
kwa shilingi kumi na nane.

Mwezi wa pili akapiga simu, sauti imepanda:
— Subilaga, wameleta kitu! Unapiga picha jani,
linakuambia linaumwa nini!
Kijana mwenye fulana ya kijani
kamwekea kwenye simu ya Ambakisye,
picha tatu bure, halafu mia tano kila picha.
Imemjibu kwa Kiswahili kilichonyooka, kisicho na kwao:
Mpendwa mkulima, zao lako lina bakajani.
— Imejuaje? akauliza.

Nikanyamaza.
Nimwambie imejua kwa kuwa yeye alijua?
Kwamba kidole gumba chake, chenye kovu la mundu,
kilipita kwangu, kikapita kwenye waya,
kikaenda nchi ambayo hata Lwitiko hajaambiwa jina,
kikarudi Isongole kina bei?

Nyuma ya risiti ya luku nikapiga hesabu:
nitambue mimi majani ishirini na nane
ili mama aulize moja.
Chenji, shilingi nne.
Hainunui hata njiti ya kiberiti.

Nisiseme uongo. Alinyunyiza mapema, shamba likapona.
Mwaka juzi halikupona,
na Ambakisye alikaa nyumbani muhula mzima.

Halafu Fuso la mnunuzi likaja.
Simu ilikuwa imetaja bei ya gunia, kilo mia,
mama kaikariri kama aya.
Gunia la mnunuzi lilivaa kilemba cha nyavu,
limeshonwa juu, likaongezwa, likashonwa tena,
vijana wawili wanalipanda kwa magoti kulishindilia.
Lumbesa.
Mashine haijui lumbesa.
Hakuna aliyetulipa
kuchora kisanduku kuzunguka kilemba kile.

Juzi Jumanne, katikati ya Juni, vidole vimekufa ganzi,
likaja jani lenye alama ya njano:
mfumo hauna hakika.
Kingo nyeusi, mshipa bado kijani.
Na pembeni ya picha, limekatwa nusu,
kovu.

Nilikaa.
Vitufe ni vile vile vitatu.
Hakuna kitufe cha baridi,
hakuna cha usiku ulioanza na nyota nyingi mno.
"Sekunde arobaini!" Lwitiko akaita. "Jani moja!"
Nikatoka hadi kwenye ngazi, nikapiga.

— Mama, usinyunyize dawa. Ni sakitu tu.

— Najua ni sakitu, akasema.
Nimeamka nimeikuta mpaka kwenye ndoo.
Nilitaka kuona kama yenyewe inajua.