Orodha ya Pili

Barua ya shule ilikuja Julai, ukurasa mmoja:
raba za michezo, koti la maabara,
na mstari wa mwisho, mfupi kama mwiba:
kikokotoo cha grafu, chenye hali ya mtihani.

Nikamuuliza Fenna, hicho cha simu yako hakitoshi?
Akanitazama kama wanitazamavyo wazee wa ghorofa ya pili
nikiwapelekea supu isiyo na chumvi.

Basi tukaenda Groningen kwa treni ya saa tatu,
mvua ikichora dirishani mistari ya mteremko
ambayo binti yangu aliipa majina,
nami nikaitikia, ndiyo, ndiyo.
Dukani vilipangwa nyuma ya kioo kama meno ya dhahabu.
Kimoja kina rangi, kinachajiwa kama simu,
chembamba, chawaka kabla kidole hakijatua.
Kingine kinakula betri nne na vitufe vyake ni vizito,
lakini bwana Hoekzema wa hesabu anakijua kwa kupapasa tu,
na mwalimu akijua kifaa, darasa halipotei njia.
Muuzaji alisifu kumbukumbu, akasifu kasi.
Mimi nilisoma bei,
nikaisoma tena kuanzia kulia, labda ingepungua.

Yuro mia na arobaini na tisa:
zamu nzima ya usiku na nusu ya Jumapili
ya kugeuza watu wazima vitandani.

Rahisi huvunja upishi, husemwa.
Wasemao hawajapika kwa mshahara wangu.

Kaka yangu Jelmer alikuwa na chake kwenye droo.
Tukakiwasha, kikachora parabola bila kinyongo.
Ila hakina kile kitaa kinachopepesa
kumwambia msimamizi kwamba kumbukumbu imefungwa.
Kizima, kizuri, hakifai.
"Kama mimi," akasema Jelmer, akakirudisha chini ya soksi.

Mwisho tulinunua cha mkono wa pili
kwa kijana aliyetungoja stesheni ya Appingedam,
mrefu, kofia ya sufu katikati ya Agosti.
Nikataja arobaini na tano. Akasema arobaini inatosha.
Hapo ndipo ningeshtuka.
Mgongoni kimekwaruzwa kwa ncha ya bikari: T. WIERSUM.
Kitufe cha saba kinataka kusukumwa kama mlango uliovimba.

Usiku, mezani, kati ya maganda ya viazi:
"Mama, ameacha namba."
Orodha ya kwanza: moja, nane, kumi na tano, ishirini na mbili.
Ya pili: sabini na moja nukta mbili,
sitini na tisa, sitini na sita,
sitini na moja na nusu.
Akabonyeza. Nukta zikashuka kiooni mojamoja
kama mtu ashukaye ngazi akishikilia ukuta.
Fenna alidhani ni fizikia, maji yanayopoa.

Lakini mimi kila Jumatatu huandika namba za namna hiyo,
kwa kalamu ya bluu, jina kwa jina,
baada ya kumshika mtu makwapani
mpaka mizani itulie.
Hayakuwa maji.

Shule inataka kiletwe kitupu, kila kitu kifutwe.
Kidole cha Fenna kilikuwa tayari. Nikasema, subiri.
Nikazinakili nyuma ya barua yao, wiki zote kumi na moja.
Ya mwisho: hamsini na mbili nukta nne.
Iliyotangulia: hamsini na moja nukta tisa.
Nusu kilo.
Nimeona watu wakirudi kutoka kwenye nusu kilo.
Nimeona pia nguo nzito, na mizani iliyokosea.

Namba ya simu ya kijana bado ninayo. Sijapiga.
Fenna alifuta, akaandika y sawa na x, kujaribu tu,
na mstari ukapanda kutoka kona hadi kona,
haraka, haujui ngazi.
Kitufe cha saba bado kinakwama.