Futi

Nimepima viuno vya nusu ya Łódź:
maharusi, wajane, mwalimu mmoja wa hesabu
aliyebana pumzi ili nimpunguzie namba.
Futi haina huruma, nilimwambia,
tukacheka, pini zikiwa mdomoni mwangu.

Hapa Poznań, chumba kina milango miwili
na futi si yangu. Ni ya karatasi, hutupwa.
Nesi Wiesława huipitisha chini ya mgongo wa Kalina,
huikutanisha juu ya kitovu,
huandika: hamsini na nne.
Baada ya saa sita: hamsini na sita na nusu.

Uboho wa Tymek, mdogo wake,
uliingia siku kumi na mbili zilizopita,
mzito, mwekundu kama supu ya bitiruti.
Tuliambiwa tuhofie homa, tuhofie vidonda vya kinywa.
Tumbo hawakulitaja,
au walilitaja, nami nilikuwa nahesabu vigae.

Daktari Ostrowicz anachora ini nyuma ya fomu.
Vijishipa vimeziba, asema, maji hayana pa kwenda.
Kama mfereji, nasema.
Kama mfereji, asema,
na naona usoni mwake kwamba si kama mfereji.

Hamsini na tisa.
Ngozi inang'aa kama satini iliyovutwa kupita kiasi.
Chakula chake ni cheupe, kinapita mshipani.
Mama, ananong'ona, nina mimba?
Anacheka, kisha anashika chini ya mbavu za kulia
na kicheko kinakatika hapohapo.

Chini, kwenye chumba cha wazazi,
nafumua gauni lake la kulalia.
Nguo ya mtoto huachiwa upindo mpana,
mwili ukue, mshono usogee.
Upindo huu niliuacha kwa ajili ya miaka saba,
miaka minane. Si kwa ajili ya Jumanne.

Sitini na moja.
Sitini na moja.
Alfajiri Wiesława anapima, ananyamaza,
anachana futi nyingine, anapima tena.
Sitini na nusu.

Nusu sentimita. Yule mwalimu
aliniomba hiyohiyo, nikamnyima.
Unanidanganya? namuuliza.
Hajibu. Ananionyesha wino.

Narudi chini. Gauni liko mezani,
upande mmoja nimeufumua, upande mmoja bado.
Uzi nimeutunga.
Sijui niongeze au nirudishe.