Nyuzi

Saa sita mchana chumba cha darini ni chungu,
na mabati ndiyo mfuniko.
Kipimajoto cha ukutani, zawadi ya chama cha ushirika
mwaka baba alipopeleka gunia nyingi,
kinasema nyuzi thelathini na nane.
Mimi nimetoka zamu ya usiku Ligula,
miguu imevimba ndani ya viatu vyeupe,
nautaka usingizi kama wengine wanavyotaka ugali.

Hapa juu zamani yalilala magunia ya korosho.
Mbao bado zinanuka ganda na moshi.
Ukikwaruza sakafu unaokota punje moja, ngumu kama jino,
ya msimu fulani: baba alikuwa hai, bei ilikuwa mbaya.

Fundi Nandonde amesimamisha fremu,
mbili kwa nne, futi mbili toka nguzo hadi nguzo.
"Humu katikati tunaweka nini? Hewa?"
Nikamwonyesha godoro la sufi la bibi.
Akacheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni.
"Sufi ni chakula cha moto, mwanangu.
Na panya watakuja na harusi zao."

Basi makumbi.
Siku tisa kwenye pipa la maji ya chokaa,
tukayapiga kwa mchi, tukayachambua,
yakaanikwa uani kama nywele za mtu aliyeamshwa kwa kelele.
Bi Tausi wa nyumba ya pili akachungulia:
"Mnasuka kamba ya kumfunga nani?"
"Jua," nikamjibu.

Tunajaza.
Usishindilie, fundi anasema,
ukishindilia unafukuza hewa, na hewa ndiyo yenye kazi;
makumbi yanaishika tu isitembee.
Nimekulia kwenye kushindilia: gunia, sanduku, mdomo.
Leo najifunza kuweka kitu kikae kwa raha yake,
kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia begani.

Nguzo ya kwanza, ya pili, ya tano.
Nyuzi za joto nje, nyuzi za mnazi ndani:
lugha yetu imezipa jina moja
ikaziacha zigombane.

Silingibodi ikagongwa. Kesho yake nililala.
Nililala kama jiwe lililotupwa kisimani,
sikusikia bodaboda za Chikongola, wala mashine ya kusaga,
wala ile mvua ya dakika tano
ambayo hubisha mabatini kama mdai.
Na sikumsikia mama.

Mama yuko chini. Ubavu wake wa kulia haumtii tangu Mfungo Nne.
Anasema aliniita mara nne.
Jina langu Sikudhani; ulimi wake unafika nusu tu:
Dhani. Dhani.
Ukilisikia hivyo, linakuwa amri.

Kikombe kilikuwa sakafuni. Kanga imelowa.
Hakulalamika. Aliuliza,
"Chumba kimekuwa kizuri, eh?"
Hapo ndipo nilipoungua kuliko chini ya mabati.

Nikamwita fundi arudi na nyundo.
"Fungua hapa, kona ya ngazi. Toa yote."
"Mwanangu, joto halina haya, litapita hapo hapo."
"Lipite."
Akakuna kichwa. Akang'oa misumari mmoja mmoja,
akainyoosha juu ya jiwe, maana hata msumari una bei.
Wanasema kuta zina masikio.
Huu wangu nilikuwa nimeuziba yote mawili.

Siku hizi kipimajoto kinasema thelathini na moja,
thelathini na tatu jua likigeukia upande wa ngazi.
Kitanda nimekisogeza kwenye lile pengo,
kichwa kwenye joto.
Silali sana, lakini nalala.

Makumbi yaliyotolewa yalijaa ndoo moja na nusu.
Fundi akauliza, yatupwe?
Mama akainua mkono wa kushoto:
yashonewe mto,
wa kuegemeza huu ubavu usiosikia.