Shanga ya Mia Tatu Thelathini na Saba

Walikupima, wakakuita Hamsini na Tatu,
kisha ikabainika mizani ilidanganya:
hufiki hata arobaini na nne.
Jina lilishakaa. Majina ndivyo yalivyo.
Hata mimi, Zulmira Tokarski, jina la babu
aliyeshuka melini na magunia mawili,
silitamki kama alivyolitamka yeye.

Uzi wa shanga mia tatu tisini na tatu,
umejikunja ndani ya seli, hauonekani.
Seli ikitaka kugawanyika, wewe wauliza:
Kurasa zote zipo? Hakuna iliyochanika?
Ikiwa ipo, wasema, Ngoja. Shona kwanza.
Ikiwa haishoneki, wasema neno la pili,
na seli ile inajikunyata, inajizika yenyewe
bila matanga, bila jirani kusikia.

Ila peke yako huwezi.
Mpaka mshikane wanne.

Hapa Ponta Grossa, mwezi wa saba,
baridi inauma hadi kwenye fizi.
Nachoma visigino vya watoto wachanga,
nadondoshea damu kwenye karatasi nene,
miduara mitano, kila mmoja kama sarafu.
Ivanilde Prestes alinishika mkono:
"Mchome taratibu. Huyu ndiye wa kwanza kukaa."

Wiki ya tatu majibu yakarudi kutoka Curitiba.
Herufi moja. Palipokuwa na G pamekaa A,
arginini katoka, histidini kaingia,
shanga ya mia tatu thelathini na saba.
Nyingine zote mia tatu tisini na mbili ziko sawa;
lakini pale ndipo wanne hushikana mikono,
na uchachu wa seli ukipungua kidogo tu
vidole vinateleza.

Wapo wanaosema ililetwa na wachunga nyumbu
waliopanda kutoka kusini kwenda Sorocaba kuuza,
wakilala chini ya misonobari, wakichoma mbegu zake,
wakiacha njiani majivu, misalaba, watoto.
Labda. Kama ni mmoja wao, hakujua.
Alijua bei ya nyumbu.

Ivanilde hakutaka habari za nyumbu.
"Nani kampa? Mimi, au baba yake?"
Nikasema kipimo kitatueleza.
Nilisema kwa sauti niliyofundishwa,
na pembeni mwa fomu, bila kukusudia,
kalamu yangu ilikuwa imeandika Casimiro.

Casimiro, mdogo wangu, alikuwa na miaka mitatu
na sauti nzito kama ya shemasi.
Tulimcheka. Sikukuu ya mavuno
baba alimpaka povu la sabuni kidevuni,
akamnyoa kwa mgongo wa kisu,
wageni wakapiga makofi.
Tezi iliyokaa juu ya figo ilikuwa ikimzeesha,
na sisi tulikuwa tukimwomba
aseme tena, aseme tena.

Ninayo mimi pia, herufi hiyo.
Kila Februari nalala ndani ya mashine inayogonga,
nahesabu mapigo, natoka, navaa viatu.
Nina miaka hamsini na miwili.
Mwakani nitafikia umri wa jina lako,
lile la mizani mbovu.
Kwa nini ulinishikia mimi ukamwachia yeye,
hilo hakuna karatasi ya kulidondoshea.

"Ana tiba?" akauliza Ivanilde.
"Ana ratiba," nikasema,
na papo hapo nikaona haya, kama niliyetania msibani.
Kila miezi mitatu, nikaeleza, picha ya tumbo,
damu kidogo. Uvimbe ukiwahiwa ukiwa mdogo kama punje,
hukatwa, na mtoto hurudi kucheza.
Aliandika yote nyuma ya risiti ya duka la dawa.
Mkono haukutetemeka. Wangu ndio.

Kisha mtoto akalia.
Akataka kumnyonyesha, nikamzuia,
nikainamisha sikio:
nyembamba, kali, ya kitoto kabisa.

Mwache, nikamwambia.
Mwache alie kidogo.