Sekunde Nne

Zilikuwa sekunde nne tu, nakumbuka.
Umeme umekatika Hombolo, usingizi umenipaa,
kidole kikasita juu ya mwanamke anayelia:
"Dada, ishara saba za mume mwenye nyumba ndogo."
Sikugusa kopa, sikuandika neno.
Nilisita tu.

Kesho yake wakaja watatu, wote wanalia.
Keshokutwa, mchungaji. Kisha mtaalamu wa ndoa
mwenye miwani na sauti ya asali:
"Anaoga kabla ya kula? Simu anailaza kifudifudi?"

Ndahani huoga kabla ya kula tangu anioe;
anatoka kwenye zabibu, ana salfa hadi kwenye kope.
Mimi niliyeifua salfa hiyo miaka kumi na mmoja,
jioni ile nililinusa shati lake
nikitafuta marashi.

Nikakuta salfa.
Nikasema: ameficha vizuri.

Sentensi hiyo nilifundishwa na nani?
Mama hakuniachia.

Saa nane usiku akatoka. Nikamfuata pekupeku,
mbigili zinanichoma, sijali,
nikamkuta amepiga magoti penye mpira wa maji
anaziba tundu kwa kipande cha kandambili.
"Sechelela? Mbona hujalala?"
Nikasema nimesikia mbwa.
Akanimulikia njia ya kurudi.

Kitandani, kioo kilikuwa kinanisubiri:
"Wanaume wanaojifanya wana kazi usiku."

Kidole kikasita.
Moja.
Mbili.
Tatu.