Kisanduku cha Tarehe

Maktaba ya Oulu, theluji imefika dirishani.
Veikko Rautio anajiandikisha kupimwa macho
na fomu yangu inamuuliza: ulizaliwa lini?

Nilimpa kalenda nzuri, ya samawati,
na mshale mmoja wa kurudi nyuma,
mwezi kwa mwezi.
Yeye ni wa arobaini na moja.

Nimekaa nyuma yake na daftari, nahesabu.
Bofya. Bofya. Kidole kinatetemeka,
kinapitiliza, kinarudi.
Bofya ya mia nne ishirini na tatu,
Novemba, themanini na saba,
anasimama.

Hasemi. Anautazama mwezi ule
kama mtu apitaye mbele ya nyumba aliyoihama.
Kisha: bofya.

Usiku nikaivunja kalenda.
Nikaweka visanduku vitatu, vyeupe, vipana:
siku, mwezi, mwaka.
Andika 3, andika 03,
andika Machi kwa jina lake ukipenda;
kuelewa ni kazi yangu, si yako.

Jumatatu alimaliza kahawa yake haijapoa.
"Safi," akasema, akivaa kofia.
Mlangoni akageuka:

"Na ule mshale wako, binti,
umeuweka wapi?"